Asubuhi Asali, Jioni Tembo: Minazi ya Kigamboni

Anayevuka kwa kivuko kutoka Magogoni, au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwezi Aprili 2016, huiona Kigamboni kwanza kwa maduka yake, vituo vya bodaboda na nyumba mpya zilizozungushiwa kuta. Minazi haimjii upesi. Akizidi kuelekea kusini, akaziacha Mjimwema na Gezaulole nyuma, akashika njia ya Kimbiji na Pembamnazi, ndipo huanza kuiona: kwanza mmoja mmoja nyuma ya ukuta, kisha miwili mitatu penye kisima, kisha safu nzima iliyoinama kuelekea baharini. Pembamnazi ni jina la kata, na kwa mtu wa pwani jina hilo halihitaji mkalimani.

Eneo lote hili lilikuwa sehemu ya Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya. Upande wa pili wa mji, Kinondoni ina habari iyo hiyo. Kutoka Msasani hadi Kunduchi, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na kuendelea hadi Mbweni na Bunju, mnazi ulikuwa mpaka wa shamba, kivuli cha baraza na akiba ya jikoni. Katikati ya mji kuna Mnazi Mmoja, na Mikocheni imebeba jina la mkoche, ambao ni jamaa wa mnazi. Hapo Mikocheni ndipo kilipo kituo cha serikali cha utafiti wa minazi, kilichotokana na mpango wa taifa wa kuendeleza zao hilo ulioanza mwaka 1979. Kwa hiyo mji huu una minazi katika majina yake na hata katika ofisi zake. Inakopungua ni ardhini.

Sababu haijifichi. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu milioni 4.3 na ushei. Ile ya mwaka 2022 ikawakuta milioni 5.3 na ushei. Watu milioni moja wa nyongeza wanahitaji pa kulala, na kiwanja kikishapimwa, mnazi uliomo hutazamwa kama kikwazo cha msingi wa nyumba. Tena kuna ugonjwa unaoangusha nazi changa, ukayageuza makuti kuwa ya manjano, na mwisho ukaacha shina tupu mfano wa nguzo ya umeme. Mwenye shamba huona nazi zinapungua, anasikia bei ya kiwanja inapanda, naye huita wenye misumeno.

Hata hivyo, ndugu msomaji, makala haya hayakusudii kulilia minazi. Yanakusudia kueleza jambo moja la mnazi ambalo familia nyingi za Kiislamu hulipita kimya kwa kuona haya, ilhali ndani yake mna riziki na mna mtihani. Jambo lenyewe ni utomvu wake.

Kila mwana wa pwani huzijua hatua za tunda la mnazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Wachache hufikiria kilichotangulia kidaka. Mnazi wenye afya hutoa takriban kila mwezi kishada kipya cha maua, nacho hutoka kikiwa kimefungwa ndani ya ala ngumu iitwayo karara. Mkwezi hupanda mnazi kuangua nazi. Mgema hupanda kwa ajili ya karara ambalo bado halijapasuka. Hulifunga kwa kamba lisifunguke, hulipiga polepole kwa siku kadhaa ili lilainike, hulivuta kidogo kidogo liiname, kisha hulikata ncha kwa kisu kikali. Hapo utomvu huanza kudondoka. Kila asubuhi na kila jioni hurudi kukata kipande chembamba kama karatasi, maana kidonda kikikauka, mti hujifunga. Karara moja huweza kutoa kwa mwezi mzima au zaidi, na mnazi mzuri hutoa lita moja hadi mbili kwa siku.

Utomvu huo unapotoka mtini ni mtamu na hauna kileo. Katika kila mia ya uzito wake, sehemu kama 15 ni sukari. Hapa ndipo mtihani unapoanzia. Hamira za asili zimo hewani, juu ya ua lenyewe, miguuni mwa nyuki na katika kuta za chombo kilichotumika jana. Kwa joto la Dar es Salaam hazihitaji siku mbili wala moja. Saa chache zatosha kwa povu kupanda, harufu kubadilika na utamu kuanza kuuma ulimi. Waswahili walilitambua jambo hili wakaligawa kwa majina: tembo tamu na tembo kali. Yote mawili hutoka katika chombo kimoja, na kinachoyatenganisha ni muda.

Karibu na njia ya Kimbiji tulimkuta mama mmoja mjane ambaye kwake muda huo umekuwa suala la nyumba. Marehemu mumewe alimwachia yeye na watoto wanne shamba dogo lenye minazi 11. Mirathi ilikuwa haijagawanywa. Mtoto wa kwanza wa kiume alikuwa amepata mnunuzi wa shamba zima. Binti yake wa pili hakutaka minazi ya baba iuzwe. Wakati wao wakivutana, mgema mmoja wa jirani alikuja na pendekezo la tatu: apewe minazi yote kwa kodi ya kila mwezi, akabidhi fedha taslimu, na mama asishughulike na chochote. Mgema hakuficha kwamba tembo lake huuzwa kilabuni.

Tulipomwamkia na kuketi barazani, mama huyo hakutuuliza habari ya bei wala ya soko. Alisema, “Mwanangu, fedha ya mgema ni ya halali kwake au si ya halali, hiyo ni hesabu yake na Mola wake. Mimi nauliza yangu. Nikiichukua nikanunulia unga wa futari, nitakuwa nimewafuturisha watu kwa nini?”

Jibu la swali lake halina utata. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Tirmidhi na Abu Daud, laana ya ulevi haikumhusu mnywaji peke yake. Waliotajwa ni pamoja na anayekamua, anayebeba, anayeuza na anayekula thamani yake. Mwenye mti anayejua unakwenda wapi utomvu wake, kisha akapokea kodi kwa sababu hiyo hasa, hawezi kusema kwamba yeye amekodisha kivuli tu. Mama alilijua hilo kabla hatujafika. Alichokitaka kujua ni kama mti wenyewe umeharamika, au kama una njia nyingine.

Qur'ani Tukufu inaligusa suala hili kwa namna ya kutafakarisha. Katika Sura An-Nahl, aya ya 67, matunda ya mitende na mizabibu yanatajwa kuwa watu hupata kutokana nayo kileo na pia riziki njema. Mti ni mmoja, na yanayotoka humo ni mawili. Aya inayofuata inaanza habari ya nyuki na asali. Mtende si mnazi, lakini wazee wetu wa pwani hawakuona tabu kuuelewa mfano.

Sunna nayo imeingia hata katika chombo. Ujumbe wa kabila la Abdul Qays ulipofika Madina, Mtume (s.a.w.) aliwakataza kuloweka tende katika vyombo vya aina fulani, na kimojawapo kilikuwa kibuyu. Baadaye ruhusa ya vyombo ilitolewa kwa sharti la kujiepusha na kila kinacholevya. Anayekijua kibuyu cha mgema hahitaji maelezo marefu. Kibuyu kina vinyweleo, hakioshwi kikatakata, na hamira ya jana humngoja mgeni wa leo. Vilevile imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akilowekewa matunda yaliyokaushwa akanywa maji yake kwa muda usiozidi jioni ya siku ya tatu, na kilichobaki hakukinywa. Siku tatu za kinywaji kile si kipimo cha tembo la Kigamboni, ambalo hugeuka kabla ya adhuhuri. Kinachoangaliwa ni hali ya kinywaji chenyewe.

Lakini habari iliyomgusa zaidi binti wa nyumba ile imo katika Muwatta ya Imam Malik. Umar bin al-Khattab (r.a.) alipofika Sham, watu walimlalamikia maradhi ya nchi yao, wakasema hakiwafai ila kinywaji chao cha zabibu. Akawaelekeza kwenye asali. Wakasema asali haiwafai. Mmoja akasema wanaweza kukitengeneza kinywaji kile kwa namna isiyolevya. Wakakipika hadi theluthi mbili zikaondoka na theluthi moja ikabaki. Umar akachovya kidole, akakiinua, kikavutika. Akakifananisha na lami waliyokuwa wakiwapaka ngamia, akawaruhusu wanywe. Alipoambiwa kwamba amewahalalishia, alikana kwa kiapo kwamba hawezi kumhalalishia mtu kilichoharamishwa na Mwenyezi Mungu. Aliruhusu kitu kilichokuwa kimekuwa asali kwa moto. Kile kidole kilichovutika ndicho kipimo anachokitumia mpishi wa sharubati nzito mpaka leo.

Neno asali katika Kiswahili halikuwahi kuwa la nyuki peke yake. Tunasema asali ya nyuki, na tunasema asali ya miwa. Sukari guru ya miwa ipo katika masoko yetu, nayo hutiwa katika uji na kashata. Basi utomvu wa mnazi ukipikwa ungali mtamu, kinachopatikana ni asali ya mnazi, na ukizidi kupikwa huganda ukawa sukari.

Binti alikuwa ameona katika simu yake namna wanavyofanya watu wa kisiwa cha Java huko Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Katika wilaya ya Banyumas familia nyingi huishi kwa kazi hiyo. Baba hugema asubuhi na jioni, mama hupika, na sukari ya rangi ya kahawia huuzwa ikiwa imegandishwa katika vipande. Alimweleza mama yake, kisha akamwendea mgema. Badala ya kodi ya minazi 11, wakakubaliana juu ya minazi miwili mifupi ya aina ya kitamli, ambayo karara lake hufikiwa kwa ngazi ya kawaida. Mgema atalipwa kwa kila lita ya utomvu mtamu atakaoukabidhi jikoni. Ukifika na povu, haulipwi.

Mgema alicheka, kisha akakubali. Sharti hilo, alisema, ni gumu kuliko la kilabu, kwa sababu kilabuni uchachu ndio sifa, na huku utamu ndio sifa. Waliosema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji hawakumwona akikaguliwa na binti mwenye chujio mkononi.

Tuliishuhudia kazi hiyo asubuhi mbili, nayo haina siri. Chombo ni dumu jipya lenye mdomo mpana, lililosuuzwa kwa maji yanayochemka kila mara linaposhuka. Ndani yake hupakwa chokaa kidogo safi, ile ile ya tambuu, kwa kuwa hamira hazistawi penye chokaa. Mdomo hufunikwa kitambaa ili nyuki na majimoto wasiingie. Majimoto hao wana haki yao shambani, kwani wanawafukuza wadudu wanaofyonza vidaka, lakini mgema asiye na habari nao hushuka upesi kuliko alivyopanda. Dumu la usiku huteremshwa mara baada ya swala ya alfajiri na kwenda moja kwa moja motoni. Haliwekwi kivulini kusubiri la jirani.

Jikoni, binti hunusa kwanza, kisha hutazama. Utomvu mzuri ni mweupe wa maji ya mchele, mtulivu, wenye harufu ya ua. Wenye vipovu vinavyopanda humwagwa kwenye mgomba. Hapa alitufundisha neno ambalo tunalikabidhi kwa kila mwenye kutaka kuanza: moto hukilinda kilicho kitamu, hauhalalishi kilichokwisha kulewesha. Mtu asichemshe tembo kali akaliita asali. Hata siki ina adabu yake, kwani katika madhehebu ya Imam Shafi, yaliyoenea pwani yetu, kileo kilichogeuka siki chenyewe bila kutiwa kitu ndicho kilicho halali. Kwa undani wa masuala haya, msomaji amwendee sheikh wake.

Utomvu ukishachujwa kwa kitambaa safi, hutiwa katika sufuria pana, kwa kuwa upana huharakisha mvuke kutoka. Kuni ni vifuu, makumbi na makuti makavu ya shamba lile lile, hivyo mnazi hujipikia wenyewe wala hununui mkaa. Povu la kupikia likifura, hutupiwa chembe ya nazi iliyokunwa, nalo hutulia. Baada ya saa kadhaa rangi hubadilika kutoka nyeupe hadi dhahabu, kutoka dhahabu hadi kahawia, na mwiko ukiinuliwa asali hushuka kwa uzi. Hapo moto hupunguzwa na sufuria huepuliwa, kwani dakika chache zaidi huleta ladha ya kuungua. Hesabu yake ni hii: lita 6 hivi za utomvu hutoa lita 1 ya asali nzito. Minazi miwili ikitoa lita 3 kwa siku, nyumba hupata nusu lita. Chupa iliyochemshwa, ikajazwa asali ingali moto na kufungwa vizuri, hukaa muda mrefu bila kuharibika.

Wenzetu wanaoishi Kanada watatambua kazi hii, maana huko nako wapo wanaougema mti nyuma ya nyumba. Ni mti wa mepo, ambao jani lake limo katika bendera ya nchi hiyo. Mwishoni mwa baridi, usiku unapoganda na mchana kupata joto kidogo, utomvu hupanda. Watu hutoboa shina tundu dogo, hupachika mrija wa plastiki, na mirija huunganishwa mti kwa mti ikishuka mteremko hadi kwenye pipa moja. Utomvu wao una sukari kiasi cha sehemu 2 tu katika mia, hivyo huhitaji lita 40 hivi kupata lita moja ya asali. Ukilinganisha, mnazi umetukirimu sana. Lakini wao wana kitu tusichokuwa nacho, nacho ni baridi. Mrija mrefu unaofaa katika theluji ungekuwa kiwanda cha tembo katika jua la Kimbiji, kwa kuwa utomvu ungechacha kabla haujafika chini. Kazi wanayofanyiwa na baridi bure, sisi twaifanya kwa chokaa, maji ya moto na haraka.

Wengine wenye minazi katika nchi za joto wametafuta ufumbuzi wao. Sri Lanka hutia kipande cha gamba la mti fulani ndani ya chungu ili kuchelewesha uchachu, nao hupika asali ya mnazi inayoliwa na maziwa ya mgando. Katika kituo cha utafiti cha Kasaragod, jimbo la Kerala nchini India, walibuni kasha la bomba la plastiki linalofungwa kwenye karara, ndani yake chombo kikiwa kimezungukwa na barafu. Utomvu hushuka ukiwa baridi na mtamu. Kwa kijiji cha wavuvi kama Kimbiji, barafu si jambo geni. Kasha kama hilo laweza kuigwa na fundi bomba yeyote wa Mbagala.

Haya yote hayakupita bila maneno. Jirani mmoja aliiita “asali ya pombe”, na mama mwenye kuuza vitumbua, aliyepewa chupa ya kwanza ajaribu, aliirudisha kwa adabu ikiwa haijafunguliwa. Kwa mjane jina la nyumba lina uzito kuliko fedha, naye alikuwa karibu kuikataza kazi yote. Kilichomtuliza ni mwalimu wa madrasa ya mtaani. Hakutoa hukumu akiwa barazani. Alikuja mwenyewe baada ya alfajiri, akaomba kuliona dumu linavyosuuzwa, akanusa, akasimama kando ya sufuria mpaka mwisho. Siku ya pili akarudi bila taarifa. Siku ya tatu aliwatuma watoto wa madrasa waje wachukue chupa mbili, na fedha mkononi. Baada ya hapo mwenye vitumbua hakuhitaji kushawishiwa.

Tusiipambe kazi hii kupita kiasi. Asali ya mnazi ni sukari kama sukari nyingine, na mgonjwa wa kisukari asidanganywe kwamba ni dawa. Karara lililogemwa halizai nazi, hivyo anayegema kila karara asitazamie tui. Ndiyo maana nyumba ile imetenga miwili kwa asali na kuacha mingine kwa nazi. Mnazi mrefu si wa kupandwa na kijana asiyefundishwa, maana kuanguka kwake hakuna matengenezo. Nusu lita kwa siku haiwezi kushindana na bei ya kiwanja inayolipwa kwa mkupuo mmoja.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito zaidi katika kikao cha warithi. Mtoto wa kwanza hakuwa na tamaa. Alikuwa na kodi ya nyumba Tandika na watoto shuleni, na fungu lake ni haki yake aliyopewa na Mwenyezi Mungu. Hakuna asali inayoweza kuwa hoja ya kumzuilia. Kosa lilikuwa katika kuichelewesha mirathi mpaka mgawo ukageuka ugomvi. Walipomwita mwenye elimu ya faraidhi, akampa mama thumuni yake na kila mtoto fungu lake, ikaonekana kwamba hakukuwa na ulazima wa kuuza shamba zima. Kipande cha mtoto wa kwanza kilimegwa upande wa barabara, chenye minazi mitatu. Minane ilibaki, pamoja na ile miwili mifupi iliyo karibu na jiko.

Mgema naye hakupoteza. Bado anagema kwingine kwa ajili ya kilabu, hatutaficha hilo. Lakini asubuhi zake mbili tatu za kwanza katika juma sasa huanzia katika ua wa mjane, na alituambia kwamba lita ya utamu humlipa kuliko lita ya uchachu, ila humnyima usingizi. Kama wangekuwepo wanunuzi watano kama mama yule, alisema, angefikiria upya dumu zake zote.

Neno hilo la mgema ndilo tunalowaachia wasomaji wetu wa Mbagala, Chamazi, Kunduchi na Mbweni ambao bado wana mnazi uani. Kabla ya kumwita mwenye msumeno, na kabla ya kupokea kodi ambayo moyo unaisita, mwite mgema mmoja mwaminifu na umwulize kama yuko tayari kuleta dumu likiwa halijatoa povu. Anza na mnazi mmoja mfupi. Osha chombo kwa maji ya moto. Washa jiko kabla jua halijapanda, usimame penye sufuria mpaka mwiko utoe uzi.